Mifumo ya mwili sekondari: kwa nini tunaanza na majina ya viungo badala ya kuanza na seli?

ChakiNyeupe

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa walimu wa baiolojia, lakini mzazi, mwanafunzi au mtu wa afya aliyepita hapa naye karibu achangie.

Niende moja kwa moja. Mpe mwanafunzi wa sekondari karatasi tupu, mwambie achore njia ya maji kuanzia anapoyanywa mpaka yanapokuwa mkojo. Usimsaidie. Wengi wanaanza vizuri: mdomo, umio, tumbo. Wakifika tumboni wanachora mabomba mawili. Moja la chakula linaelekea kwenye utumbo, jingine la maji linateremka moja kwa moja hadi kwenye kibofu. Figo, kama zimekumbukwa, zimewekwa pembeni na hazijaunganishwa na chochote. Na huyo huyo, ukimpa mchoro wa nefroni (kichujio kidogo kimoja cha figo), anakutajia sehemu zake zote bila kukosea hata moja.

Majina anayo. Mwili hana.

Ninavyoona mimi, tatizo ni mpangilio wetu. Tunafungua mfumo wa mmeng'enyo, tunataja viungo, tunaufunga. Tunafungua mfumo wa damu, tunataja, tunaufunga. Mwanafunzi hapati nafasi ya kuuliza mifumo hii yote ni ya nini, kwa sababu jibu halimo ndani ya mfumo wowote mmoja. Jibu liko kwenye seli, na seli tulishaimaliza kwenye mada ya mwanzo kabisa.

Mimi naanza na umbali. Molekuli ya oksijeni ikiachwa isambae yenyewe ndani ya maji yaliyotulia, inavuka upana wa seli moja, tuseme milimita 0.01, kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Milimita 1 inachukua kama dakika 4. Sentimita 1, karibu saa 7. Mita 1, ambayo ni kama kutoka puani hadi magotini, ni miaka ipatayo 8. Ukizidisha umbali mara 10, muda unaongezeka mara 100.

Andika namba hizo ubaoni, kisha nyamaza. Usiongeze neno. Lazima kuna mmoja atakayeuliza: sasa vidole vya miguu vinaishije? Hapo somo limeanza, na aliyelianzisha ni yeye.

Kuanzia hapo kila mfumo unaingia kwa sababu. Seli haiwezi kuifuata oksijeni, kwa hiyo oksijeni iletwe mpaka karibu yake. Ndiyo kazi ya damu. Damu nayo lazima ipakie oksijeni mahali fulani, na mahali hapo pawe pembamba na papana: mapafu yana mamia ya mamilioni ya vifuko vya hewa, na ukuta unaotenganisha hewa na damu haufiki unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Chakula lazima kivunjwe hadi molekuli zinazoweza kupenya ukuta wa utumbo. Taka zitoke. Halafu damu inafika karibu kiasi gani? Ni seli chache sana zinazoishi zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita kutoka kwenye kapilari, ile mishipa midogo kabisa ya damu. Gegedu ni mojawapo ya tishu zisizo na mishipa ya damu, na anayecheza mpira anajua jeraha la gegedu ya goti linavyogoma kupona.

Mwanafunzi aliyepita njia hiyo hachori tena bomba la kutoka tumboni hadi kibofuni, kwa sababu anajua kila kitu kinapitia kwenye damu.

Nawasilisha. Wenye mawazo tofauti, karibuni.

---

MtihaniKwanza

Mkuu, maelezo matamu, ila naomba kutofautiana nawe kidogo. Mimi nina darasa lililofurika, vipindi ni vya kuhesabu, na mtihani wa mwisho unauliza "taja" na "andika jina la sehemu X". Nikianza na falsafa ya umbali, majina nitayafundisha lini? Mtoto akifeli, mzazi haniulizi kama alielewa usambaaji wa molekuli. Ananiuliza alama.

Pili, majina si adui. Hakuna daktari asiyejua majina.

---

ChakiNyeupe

MtihaniKwanza, hoja ya pili nakubaliana nayo mia kwa mia. Sijasema majina yaachwe. Nimesema yasitangulie.

Kuhusu vipindi: jaribu swali moja badala ya orodha. "Molekuli ya oksijeni iko nje ya pua yako. Iandikie safari yake yote mpaka ndani ya seli ya msuli wa paja." Ili alijibu, mwanafunzi analazimika kutumia majina kumi na kitu: tundu la pua, koo, bomba la hewa, vijibomba vya mapafu, kifuko cha hewa, kapilari, chembe nyekundu ya damu, vena ya mapafu (vena hurudisha damu moyoni), atria ya kushoto na ventrikali ya kushoto (chumba cha juu na cha chini cha moyo), aota, ateri ya paja (ateri hutoa damu moyoni), kapilari tena, kisha seli. Kila jina limekuja kwa sababu safari imefika hapo, na asiyelijua jina anakwama njiani na kulitafuta mwenyewe. Mpangilio nao unamkaa kichwani, kitu ambacho orodha haimpi. Tena utagundua bila kusahihisha daftari hata moja nani anafikiri kila ateri hubeba damu yenye oksijeni nyingi, maana hapo kwenye mapafu lazima ajikwae: ateri ya mapafu inabeba damu iliyoishiwa oksijeni, na vena ya mapafu inabeba iliyojaa.

Wakimaliza, ongeza swali la uchokozi: je, oksijeni hiyo ndiyo itakayotoka kwenye pumzi yako ikiwa ndani ya kabonidayoksaidi? Karibu darasa zima litasema ndiyo. Jibu ni hapana. Oksijeni tunayovuta inaishia kuwa maji ndani ya seli. Kaboni na oksijeni za kwenye kabonidayoksaidi zinatokana na sukari iliyovunjwa pamoja na maji yaliyoshiriki kwenye hatua za katikati. Mwanafunzi aliyezoea kuambiwa kwamba tunavuta oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi, basi, anapata kitu cha kufikiria hadi jioni.

---

BiHadubini

Hongera kwa uzi, mwalimu. Mimi nina neno kwenye mzunguko wa damu, maana ndiyo mada ninayoipenda kuliko zote.

Watu wanafundisha mzunguko kama taarifa: damu inazunguka, andikeni. Lakini kwa zaidi ya miaka elfu moja wasomi wakubwa waliamini kinyume chake. Galeni, tabibu wa zama za Warumi, alifundisha kwamba ini hutengeneza damu kutokana na chakula, kisha mwili unaitumia na kuimaliza. Na ukifikiri sawasawa, wazo hilo si la kijinga. Mwanafunzi wako asiyejua lolote naye angeweza kuja na wazo kama hilo.

Wape darasa kazi ya kulivunja wazo la Galeni kwa hesabu tu. Moyo unapiga kama mara 70 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Kila pigo linasukuma kama mililita 70. Zidisha: ni karibu lita 5 kwa dakika, karibu lita 300 kwa saa. Sasa waulize: kama damu hii inatengenezwa upya na kutumika yote, ni chakula kiasi gani mtu angepaswa kula kwa saa moja? Darasa litacheka. Njia pekee ya kutoka kwenye hesabu hiyo ni kukubali kwamba damu ni ile ile, inarudi.

Hoja ya namna hiyo ndiyo aliyoitumia William Harvey kwenye kitabu chake cha 1628, ingawa makadirio yake ya kila pigo yalikuwa madogo kuliko tunayoyajua leo. Hata kwa makadirio madogo, jumla ilizidi kiasi chote ambacho mwili ungeweza kutengeneza. Na alikuwa na pengo: hakuweza kuonyesha damu inavukaje kutoka kwenye ateri kuingia kwenye vena. Alifariki 1657. Marcello Malpighi aliziona kapilari kwa hadubini kwenye mapafu ya chura, akachapisha 1661. Karne kadhaa kabla yao wote, Ibn al-Nafis, aliyefariki 1288, alikuwa ameshaandika kwamba ukuta ulio kati ya pande mbili za moyo hauna matundu, kwa hiyo damu ya upande wa kulia lazima ipitie mapafuni ndipo ifike kushoto. Mwanafunzi akiona kwamba ukweli huu ulidaiwa kwa hoja kabla ya kuonekana kwa macho, anaipa sayansi heshima nyingine.

Halafu kuna onyesho la mkono, ambalo pia limo kwenye kitabu cha Harvey, na halihitaji maabara. Mwanafunzi ananing'iniza mkono, mwenzake anafunga kitambaa juu ya kiwiko, kisikaze sana, kisikae zaidi ya dakika moja hivi. Vena za mkononi zinatuna na unaona vinundu hapa na pale. Hapo ndipo valvu zilipo, yaani vilango vinavyoruhusu damu kupita upande mmoja tu. Bonyeza vena kwa kidole kimoja upande wa kiganja, kisha kwa kidole cha pili sukuma damu kuelekea kiwiko mpaka uvuke kinundu kimoja. Ondoa kidole cha pili tu. Kipande cha vena kati ya kidole cha kwanza na kinundu kinabaki kimelala, kitupu, ingawa juu yake vena imejaa. Damu imegoma kurudi nyuma. Sasa achia kidole cha kwanza: vena inajaa mara moja, kutokea upande wa kiganja. Wengine vena zao hazionekani kirahisi, kwa hiyo tafuta mkono unaofaa kabla ya kipindi, usije ukaanza kuhangaika mbele ya darasa.

---

Mdadisi_wa_Nyuma

Bi Hadubini, hapo umenena. Na kuhusu kupasua moyo wa mnyama, unafanyaje? Mimi nikifanya, wanaishia kuona nyama tu.

---

BiHadubini

Wanaona nyama tu kwa sababu moyo umeletwa umeshakatwa juu. Ukiagiza moyo wa ng'ombe au mbuzi, sema mapema kwamba unautaka na mishipa yake mikubwa ya juu na usipasuliwe. Bila aota ndefu kidogo, nusu ya somo imekwenda.

Kabla ya kisu, waache waubonye kwa vidole pande zote mbili. Ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene kama mara tatu ya ule wa kulia. Usiwaambie. Waulize upande upi unapeleka damu mapafuni na upi unapeleka mpaka kwenye unyayo, na wajibu kwa vidole vyao.

Kisha mimina maji taratibu ndani ya aota kutoka juu. Yanakaa. Ukichungulia unaona vijifuko vitatu vya valvu vimejaa maji na kukutana katikati. Juu kidogo ya vijifuko hivyo kuna matundu mawili madogo. Pitisha kijiti chembamba kimoja wapo uone kinatokea wapi. Ndipo ilipo mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Mwanafunzi anayejiuliza kwa nini moyo uliojaa damu bado unaweza kufa kwa kukosa damu, jibu lake liko kwenye vitundu hivyo viwili: ukuta wa moyo ni mnene mno kulishwa na damu inayopita ndani yake. Tunarudi kwenye zile namba za umbali za mwalimu ChakiNyeupe.

Ukipasua ventrikali, waonyeshe nyuzi nyeupe zinazoshikilia valvu. Waache wazivute. Zina nguvu kuliko wanavyotarajia.

Glavu, sabuni, na meza ioshwe. Asiyetaka kushika au kutazama asilazimishwe wala asidhihakiwe.

---

Fizikia_Mwitu

Mimi ni wa fizikia lakini nimevutwa na mada. Naomba niwaseme kidogo watu wa baiolojia kuhusu ile chupa yenye maputo mawili na mpira chini, mnayoiita mfano wa mapafu. Mnaivuta, maputo yanatuna, darasa linapiga makofi, somo limeisha.

Mfano wenyewe ni mzuri kwa jambo moja: unaonyesha kwamba mapafu hayavuti hewa kwa nguvu zake. Nafasi inapanuka, kani eneo (msukumo wa hewa) ya ndani inashuka chini ya ile ya nje, hewa inaingia. Ni kanuni ya Boyle ya 1662, hakuna ziada. Wanafunzi wengi wanaamini kifua kinapanuka *kwa sababu* hewa imeingia, wakati ni kinyume chake.

Lakini mfano huo huo unadanganya sehemu nyingi. Chupa ni ngumu, haipanuki, mbavu zinapanda na kutanuka. Kati ya maputo na chupa kuna nafasi kubwa ya hewa, wakati kati ya mapafu na ukuta wa kifua kuna utando mwembamba tu wa majimaji. Kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, hakivutwi chini kama mpira ule. Kikiwa kimelegea kimejikunja kwenda juu, na kikikaza kinanyooka. Na pafu halina uwazi ndani kama puto, limejaa vifuko.

Ushauri wangu: fanyeni onyesho, kisha swali la daftarini liwe "mfano huu unadanganya wapi?" Anayejibu hilo ameelewa pumzi. Anayeshindwa amejua chupa na maputo.

---

MtihaniKwanza

Hilo la "unadanganya wapi" nimelipenda, nalichukua. Kwenye pumzi mimi huwa nakutana na kosa jingine: wanasema hewa tunayotoa haina oksijeni kabisa. Nawaambia ya kuvuta ina oksijeni kama asilimia 21, ya kutoa bado ina kama 16. Kabonidayoksaidi ndiyo inayopanda sana, kutoka karibu asilimia 0.04 mpaka kama 4. Nawauliza: kama pumzi ya kutoa haina oksijeni, anayempulizia mdomoni mtu aliyeacha kupumua anamsaidia nini?

---

AfyaShule

Salaam walimu. Mimi ni muuguzi, nahudumia wanafunzi, na ningependa kutia neno kwenye haya majaribio ya kutumia miili ya wanafunzi wenyewe. Yana faida kubwa, lakini yanahitaji busara.

Kupima mapigo kabla na baada ya kuruka ruka ni zoezi zuri. Ila kwenye darasa lolote kunaweza kuwa na mwenye pumu, mwenye selimundu, au mwenye tatizo la moyo ambalo hataki wenzake walijue. Usitangaze "wenye matatizo ya afya wakae pembeni". Sema tu kwamba kila kundi linahitaji mruka, mhesabu na mshika saa, wagawane wenyewe. Atakayehitaji kukwepa ataichukua saa na hakuna atakayejua. Uzito na urefu usisomwe kwa sauti.

Kuchoma vidole ili kupima makundi ya damu darasani, hapana. Hatari ya kuambukizana kwa damu haistahili somo hilo. Makundi ya ABO aliyoyaeleza Karl Landsteiner 1901 yanafundishika vizuri kabisa kwa majimaji bandia au kwa mafumbo ya karatasi. Na tafadhali sana, msiwape watoto kazi ya nyumbani ya kuuliza makundi ya damu ya wazazi wao. Mzazi mwenye AB hawezi kwa kawaida kuzaa mtoto wa O, na mwalimu hajui ni siri gani anaifungua kwenye familia ya mtu. Tumia familia ya kubuni.

Mfumo wa uzazi: sauti ile ile uliyotumia kufundisha figo, itumie na hapo. Ukianza kucheka au kukwepa, wameshajua ni mada ya kuchekea. Sanduku la maswali yasiyo na majina linafaa, mradi uyasome kabla ya kuyafikisha darasani.

---

Kalamu_Nyekundu

Shikamooni walimu. Mimi ni mwanafunzi, nafuatilia kimya kimya. Naomba kuuliza: damu ya kwenye vena ni ya bluu kweli? Kitabuni imechorwa bluu na hata mkononi kwangu naiona bluu.

---

AfyaShule

Marahaba mwanangu. Si ya bluu. Damu iliyopungua oksijeni ni nyekundu iliyokolea, na aliyewahi kutolewa damu ya vipimo ameiona ikiingia kwenye kichupa, maana hutolewa kwenye vena. Bluu unayoiona mkononi inatokana na jinsi mwanga unavyopenya ngozi na kurudi kwenye jicho lako, na ile ya kitabuni ni rangi ya mchoraji ya kutofautisha tu.

---

ChakiNyeupe

Na ndiyo sababu mimi mchoro wa kwanza wa moyo nauchora kwa rangi moja. Wao ndio waamue wapi oksijeni ni nyingi na wapi ni kidogo, kisha wapake rangi wanazotaka. Nimeona kundi likitumia kijani na njano, na lilikuwa sahihi kabisa.

Asante kwa swali, Kalamu. Usifuatilie kimya tena.

Niguse na mmeng'enyo kidogo. Jaribio la mate na wanga tunalifanya sote: wanga uliochemshwa ukapoa, mate, tone la iodini kila baada ya muda mfupi, rangi ya bluu-nyeusi inafifia mpaka haitokei tena. Kosa letu ni kuishia hapo. Chupa muhimu ni ya pili, yenye mate yaliyochemshwa kwanza, ambayo haibadiliki. Waache watabiri *kabla*, waandike utabiri wao kwa wino, ndipo waone.

Na kama unataka kisa cha kuwashika, kuna cha Alexis St. Martin. Mwaka 1822 alipigwa risasi tumboni kwa bahati mbaya, akapona, lakini tundu halikuziba. Daktari wake, William Beaumont, alikuwa akiingiza vipande vya chakula tumboni mwake kwa uzi wa hariri, anavitoa baada ya muda, anavitazama. Pia alichukua majimaji ya tumbo akayaweka kwenye kichupa chenye nyama nje ya mwili, nyama ikayeyuka taratibu. Alichapisha matokeo 1833. Kabla ya hapo watu walikuwa bado wanabishana kama tumbo linasaga tu au lina kemikali. Usiache kuuliza darasa upande wa pili wa kisa: St. Martin alikuwa mtu maskini, anamtegemea daktari huyo huyo kwa matibabu na kwa riziki. Je, alikuwa na uhuru wa kukataa? Mjadala huo unakula kipindi na sijuti.

---

Fizikia_Mwitu

Nami niwape zawadi moja ya neva kabla sijaondoka. Rula ya sentimita 30. Mmoja anaishika juu, mwingine anaweka vidole kwenye sifuri bila kuigusa, inaachiwa ghafla, anaidaka. Akidaka kwenye sentimita 20, muda ni kama sekunde 0.2, kwenye 15, ni kama 0.17. Fomula wanayo kutoka kwangu.

Sasa swali. Neva za haraka hupeleka taarifa kwa kasi inayofika mita 100 kwa sekunde. Njia nzima, jicho hadi ubongo hadi vidole, ni mita moja na ushee. Kwa kasi hiyo ingetosha kama sekunde 0.01. Hizo 0.19 zilizobaki zimekwenda wapi? Waachie wabishane. Jicho lenyewe linachukua muda kubadili mwanga kuwa taarifa, kila neva inapokutana na nyingine kuna kuchelewa, ubongo unaamua, msuli nao unachukua muda kukaza.

---

BiHadubini

Hiyo inanipa daraja la kuvukia kwenye homoni. Mwaka 1902 William Bayliss na Ernest Starling walikata neva zinazokwenda kwenye kipande cha utumbo wa mbwa, kisha wakaweka asidi humo. Kama taarifa zingekuwa zinasafiri kwa neva pekee, kongosho, ambalo kwa kawaida humwaga majimaji yake asidi inapofika utumboni, lisingejua. Lakini lilitoa majimaji yake vile vile. Kwa hiyo kitu fulani kilisafiri ndani ya damu. Walikiita sekretini, na ndiyo homoni ya kwanza kutambuliwa. Wape wanafunzi matokeo hayo bila jina, waseme wao ni njia gani imebaki.

---

Mdadisi_wa_Nyuma

Jamani, bado figo. Kila mwaka najiuliza namna ya kujibu hili: kwa nini figo ichuje kama lita 180 kwa siku, kisha irudishe karibu yote na kutoa lita moja na nusu tu? Si kazi bure hiyo?

---

ChakiNyeupe

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu, na ukiulizwa na mwanafunzi usilikimbie.

Fikiria unasafisha kabati. Unaweza kutafuta takataka moja moja, lakini lazima uzijue zote kwa sura. Au unatoa kila kitu nje na kurudisha vile tu unavyovihitaji. Figo imechagua njia ya pili. Inatupa nje majimaji yote ya damu yenye molekuli ndogo, kisha inarudisha vitu inavyovijua: glukosi, chumvi, maji, amino asidi. Sumu mpya ambayo mwili haujawahi kukutana nayo, kama ni ndogo ya kupita kwenye chujio, inabaki nje bila figo kuhitaji kuitambua. Plazima, yaani majimaji ya damu bila chembe zake, ni kama lita 3, kwa hiyo yote inachujwa kama mara 60 kwa siku. Gharama ni kubwa, ila ndiyo bei ya usafi wa namna hiyo.

Sasa lipeleke mbele. Mashine za kurudisha glukosi zina kikomo. Sukari ya damu ikipita takriban milimoli 10 kwa lita, zinazidiwa, glukosi inaanza kubaki kwenye mkojo. Glukosi iliyobaki inazuia maji yasirudi. Kwa hiyo mkojo unakuwa mwingi. Kwa hiyo mwili unapoteza maji. Kwa hiyo kiu. Waache darasa wajenge mnyororo huo wenyewe kutoka sentensi moja tu: "Kongosho la mtu huyu limeacha kutoa insulini."

---

Kalamu_Nyekundu

Mwalimu, samahani, nimejaribu mnyororo huo na nimefika mpaka kwenye kiu. Lakini kama sukari imejaa kwenye damu, kwa nini mgonjwa anakonda?

---

ChakiNyeupe

Kwa sababu iko kwenye damu, haijaingia kwenye seli. Bila insulini, seli za misuli na za mafuta haziichukui ipasavyo, zinakaa na njaa huku glukosi inapita mlangoni. Mwili unaanza kuchoma mafuta na kuvunja protini za misuli, na sehemu ya sukari yenyewe inatoka na mkojo. Mafuta yakivunjwa mengi kupita kiasi yanazalisha asidi kwenye damu, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwaua watoto wenye kisukari kabla Frederick Banting na Charles Best hawajapata insulini Toronto mwaka 1921. Wa kwanza kutibiwa nayo, Januari 1922, alikuwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14.

Sasa kazi yako, Kalamu: mgonjwa kama huyo hupumua kwa kasi na kwa kina, ingawa mapafu yake hayana ugonjwa wowote. Anza na ile asidi, kumbuka kabonidayoksaidi ikiyeyuka kwenye maji inakuwa nini, halafu andika jibu lako hapa hapa.